Sahani ya Mama Chausiku

Tangu bajeti ya serikali mpya ianze kazi, kila jiko la ruzuku majumbani lina sauti, na jicho linalofuata kila sahani inakokwenda. Mwanaidi hakulijali. Si yeye aliyewapigia kampeni hawa watu mpaka sauti ikamkauka? Wenyewe waliapa kwamba jiko la maskini halitazimika.

Leo likazimika, maharage yakiwa hayajaiva.

"Jana nyumba hii ilimpa jirani chakula," jiko lilisema kwa upole. "Anayegawa ana ziada. Ruzuku imeondolewa."

"Ziada gani? Mama Chausiku alikuwa hoi kitandani! Nilimpa sahani yangu mwenyewe, nikalala na chai!"

Mwanaidi akaifungua kiunoni ile kanga yao ya kampeni, akaitupa mlangoni iwe tambara la kupangusia miguu.

"Hodi!" Alikuwa Mama Chausiku wa chumba cha pili, homa imemwachia, amebeba ile sahani imejaa mihogo ya moto.

"Shika, mwanangu. Ningekurudishiaje sahani tupu?"

"Mama, rudi nayo! Rudi nayo upesi!"

Lakini nyuma ya ukuta, kutoka chumba cha pili, ile sauti ya upole ilikuwa imeshaanza: "Leo nyumba hii imempa jirani chakula."