Maji Kwenye Kopo la Mvua

Kopo la kupimia mvua lilikuwa na maji, ila vumbi lililolizunguka lilikuwa kavu kama unga.

Binti aliinama, jasho likimchuruzika mgongoni. Kila asubuhi alitoka uani kumpimia baba yake hali ya hewa. Joto lilikuwa limemlaza mzee, naye aliapa hatatia kitu kinywani mpaka mvua inyeshe.

Mama alisimama mlangoni na bakuli la uji, mkono wa gauni umelowa, macho kayatupa pembeni.

"Mwanangu, kopo linasemaje?" baba aliuliza kutoka dirishani.

Binti alimtazama mama. "Lina maji, baba."

Kitanda kililia.

"Haya, mwambie mama yako alete uji. Na kesho akimwaga, anyunyize na uani. Mvua gani hii isiyonukia udongo?"