Malori ya Bandarini

Siku aliyokufa baba, malori yaliacha kupita mbele ya kibanda chetu cha chai. Hatukushangaa. Kwetu Gujarat, nyumba yenye msiba huhesabiwa kuwa na unajisi, na hakuna anayekunywa chai yake mpaka matanga yaishe.

"Wanazunguka kwa kumheshimu," mama alisema.

Matanga yakaisha. Tukasugua sufuria, mama akaponda tangawizi. Maziwa yalichemka, yakapoa, yakashika utando. Barabara ilikuwa tupu.

"Labda tumekosea kuhesabu siku," mama akasema.

Alasiri akaja Ranmal, dereva wa lori la chumvi. Alikuja kwa miguu, miguu yenyewe imekuwa myeupe kwa chumvi hadi magotini.

"Shemeji, chai yako imenivusha mashamba yote ya chumvi," akasema, akijipangusa. "Lori nimeliacha ng'ambo, kwenye ile barabara mpya waliyotufungulia juzi. Ni safi, inatufikisha bandarini moja kwa moja, lakini haina hata pa kununua andazi. Mzee yuko wapi? Mwambie asinibanie sukari."

Mama alibaki ameshika birika. Akanitazama mimi, akamtazama Ranmal.

"Kwani hamkujua?" akauliza.

Siku hizi tunachemsha chai ya watu wawili tu, mama na mimi.