Bahasha Yenye Majua Matatu

Mama Sikudhani, jirani wa kina Tunu, anaapa kwamba alimwona binti huyo akikimbia mchana kweupe, koti jeupe la chuo cha ufamasia likipepea, kiatu kimoja mkononi. Akamtania, "We mwali, bwana harusi kakukimbia, au wewe ndiye unamkimbiza?" Tunu akazidi mbio.

Asubuhi hiyo alikuwa mazoezini kwenye dirisha la dawa la zahanati, akijaza bahasha za wagonjwa. Kwa wasiojua kusoma, chuoni wamefundishwa kuchora: jua moja, kidonge kimoja. Mzee Shomvi, mgonjwa wa sukari, alipaswa kuchorewa jua moja. Tunu akamchorea matatu, mkono ukifuata bahasha ya mgonjwa aliyetangulia. Alipogundua, mzee alishaondoka.

"Bahasha ikitoka dirishani hairudi yenyewe," mwalimu wake alisema, uso umemsawajika. "Mfuate. Vidonge vitatu vya kushusha sukari, kwa mzee yule, ni kaburi."

Mlango wa Mzee Shomvi ulikuwa umefungwa kwa ndani. Tunu aligonga mpaka vidole vikachubuka, kisha akazunguka dirishani kuchungulia. Redio ilikuwa ikisoma bei za mahindi. Mezani, kando ya bahasha iliyofunguliwa, palikuwa na kikombe cha maji, yamebaki nusu.

"Babu, ni mimi, yule mwanafunzi wa dawa. Nimekosea, babu. Kama hujameza, usimeze. Kama umemeza, lamba sukari, babu yangu, halafu unifungulie."

Nzi alitua kwenye ukingo wa kikombe, akaanza kuuzunguka polepole.