Mtoto wa Kitanda cha Pili

"Mwanetu tumwite Kidega," nilimwambia mume wangu. Nililipenda jina hilo tangu asubuhi, nilipomsikia jirani yangu wa wodini akimbembeleza nalo mwanawe mchanga.

Mume wangu, aliyekuja na sare yake ya polisi, akaangua kicheko. "Kidega? Katika Kampala hii, kila Kidega niliyemkamata alikuwa mwizi!"

Jirani alikuwa akinimiminia uji kutoka kwenye flaski yake. Mkono wake ukaganda. Uji wa moto ukafurika kikombe, ukamchuruzika vidoleni, wala hakuufuta.

Mume wangu hakuona kitu. Alimwinamia mtoto wa jirani, akatabasamu. "Na huyu, mama, anaitwa nani?"

Jirani alinitazama mimi kwanza.

"Bado hatujampa jina, afande."

Uso ulinichoma kwa aibu, nikachukua kitambaa na kumfuta uji vidoleni.