Nguzo ya Adhuhuri

Mnara wa Burhani ulibomolewa kwa amri ya liwali, na waliobomoa walikuwa majirani zake. Mwaka uliopita, nyota yenye mkia ilipotokea, mwanafalaki huyo alisema haina habari na watu. Kisha tauni ikaingia mjini, watu wakazika hadi wakakosa sanda, na lawama ikamwangukia yeye. Sasa alikaa juu ya kifusi, akitazama pete kubwa za shaba alizopimia nyota zikikunjwa kwa nyundo.

Iliyobaki imesimama ni nguzo nyembamba ya uani, ambayo kwa kivuli chake aliutangazia mji saa za sala.

Idarusi, msimamizi wa wabomoaji, aliyezika mke na watoto, akaweka sururu chini.

"Shekhe, jua limepinduka?" akauliza kwa adabu.

Burhani akakitazama kivuli. Angeweza kunyamaza.

"Bado kidogo," alisema.

Wote wakangoja, vumbi la mnara nyweleni mwao.

"Sasa."

Wakatawadha kwa maji ya kisima chake, wakamtanguliza awasalishe. Baada ya salamu, Idarusi akaikumbatia nguzo.

"Utuwie radhi, shekhe. Amri ni amri."

Ikang'oka kwa mvuto mmoja. Idarusi akabaki ameishika, akilitazama shimo.

"Na alasiri tutaijuaje?"

Burhani akaenda kusimama palepale ilipokuwa nguzo, mikono ubavuni, na wanaume wote wakainamisha vichwa kukitazama kivuli chake.