Sauti Nene Nyuma ya Wavu

Kanisa zima lilikuwa linakohoa. Venisi hakuna ruhusa ya kupiga makofi mbele ya altare, kwa hiyo waliopendezwa walikohoa, wakapenga kamasi, wakaburuta viatu sakafuni. Siku hiyo walikuwa wameipenda mno zaburi mpya, ile ya mtu anayemlilia Mungu kutoka vilindini.

Bwana Fantino peke yake hakukohoa. Alikuwa mdhamini wa nyumba ya wasichana yatima, mgane aliyejaa fedha na maoni. Wasichana huimba juu roshanini, nyuma ya wavu wa chuma, wasionekane na mtu. Lakini masikio yake yalikuwa yamenasa sauti moja nzito iliyonguruma chini ya nyingine zote.

"Bi Orsola, humo ndani umeficha dume," alimwambia mwalimu wa kwaya pale ngazini.

Haukuwa mzaha. Akionekana mwanamume mle ndani, Orsola angefukuzwa, kwaya ingevunjwa, na yatima waliokula kwa jasho la koo zao wangerudi kuombaomba madarajani. Orsola akamkaribisha aje kukagua mwenyewe.

Kesho yake wenye sauti nene walipangwa sebuleni. Menega, yatima aliyezeekea humo humo, kikongwe mfupi mwenye mashavu kama mikate, alifungua kinywa na vioo vya dirisha vikatetemeka. Mkunga wa nyumba akamwingiza chumba cha pili, akatoka anacheka, akaapa kwamba yule ni mwanamke kuliko yeye mwenyewe. Wengine nao wakapita vivyo hivyo. Bwana Fantino akawa mwekundu hadi masikioni.

"Na wa sauti nyembamba, Mheshimiwa, niwalete?" Orsola aliuliza, asibanduke mlangoni.

"Bibi, usinifanye mtoto. Sauti ya mwanamke naijua."

Aibu ilimfanya mkarimu. Aliahidi kuni za msimu mzima wa baridi, kisha akaomba zaburi irudiwe. Wasichana wakapanda nyuma ya wavu wao. Anzoleta, mwenye sauti ya juu kupita wote, alipoimba peke yake ubeti wa roho inayoingojea asubuhi, Bwana Fantino alikohoa mpaka akatokwa na machozi. Uso wa mwimbaji hakuuona, wala hakuutaka. Alipofika nyumbani tu, akatuma mshenga.

Orsola alipanda mwenyewe chumbani kupeleka habari. Anzoleta alikuwa anavua shela.

"Mheshimiwa amekuposa."

"Sasa nimjibuje, Bibi?"

"Mwambie umeshajitoa kwa Mungu, na umwambie kwa upole, maana kuni bado hazijafika. Akijua kwamba sauti anayoililia imebaki nyembamba kwa sababu walikuhasi utotoni, Gaspare, tumekwisha sote."