Njaa ya Mghoi

Mghoi alikuwa mpanda miamba wa timu ya taifa, na kama wapandaji wenzake wote, hakusikia maumivu wala njaa. Sheria ilitaka vyote viwili vibebwe na jamaa mmoja aliyevishwa bangili ya serikali. Wa kwake alikuwa mama yake.

Jumamosi alirudi kutoka mwambani vidole vimevimba hata havikunjiki, naye hana habari. Jikoni alimkuta mama akisonga ugali kwa kubana mwiko katikati ya viganja, maana vidole vyake visivyo na hata mkwaruzo vilikataa kushika.

"Leo umening'inia sana, mwanangu."

"Pole, mama. Mashindano yamekaribia."

Mama akapakua, akamsogezea bakuli la kunde. Mghoi akalirudisha taratibu, kwa sababu kesho angepimwa uzito.

"Kula wewe, mama."

Ndivyo walivyozoea. Mama alikula sahani tatu tatu kwa njaa isiyo yake, mpaka magauni yake yote yakafumuliwa ubavuni. Lakini leo hakugusa tonge.

"Siisikii njaa yako. Tangu juzi."

"Si afadhali? Labda bangili imeharibika."

Mama akainua vidole vyake, bado havikunjiki. "Haijaharibika. Maumivu yako bado yanafika. Mwili wako ndio umeacha kudai chakula."

Akazunguka meza, akaushika mkono wa bintiye, akatafuta mapigo. Akatafuta tena, mahali pengine. Mghoi alikaa mbele ya ugali unaopoa, akingoja kuambiwa anajisikiaje.